Kigamboni, Kunduchi au visiwani: pa kutembea na pa kuogelea jirani na Dar

Ijumaa ikifika mchana, makundi ya simu hapa Dar yanajaa swali moja: kesho twende beach gani? Majibu huja kwa majina na picha. Huyu anataja Coco, yule Kigamboni, mwingine ana jamaa yake mwenye boti ya Mbudya. Kwa anayekwenda kukaa kwenye kiti na kuagiza chipsi kuku, jina linatosha. Ila kwa anayetaka kutembea kwa miguu, apite vichakani na mchangani, kisha amalizie kwa kuoga baharini, jina peke yake litamdanganya. Ufukwe uliosifiwa Jumamosi hii, Jumamosi ijayo saa ileile unaweza kuukuta ni mwamba mtupu na majani ya bahari mpaka macho yanapoishia. Ndiyo maana mimi huanza na swali jingine: kesho maji yanajaa saa ngapi? Jibu lake ndilo linaloniambia kama ni siku ya Kigamboni, ya Kunduchi au ya kupanda boti.

Maji ndiyo yanayochagua

Kwa siku moja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Hilo kila mtu wa pwani analijua. Ambalo wengi waliohamia Dar kutoka bara hawajaambiwa ni kwamba saa hizo zina mpangilio unaokaririka. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu za baada yake, maji ya Dar hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa karibu saa nne asubuhi. Wiki moja mbele, siku za maji mafu, mambo yanageuka: yanajaa karibu saa nne asubuhi na kupwa karibu saa kumi alasiri, tena bila kwenda mbali. Kwenye bamvua kubwa, tofauti kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Kwenye maji mafu ni kama mita moja hivi.

Anayefuata kalenda ya Kiislamu amerahisishiwa: mwanzo wa mwezi na katikati yake ni bamvua, karibu na tarehe 8 na 23 ni maji mafu. Asiyeifuata atazame mwezi, au aulize. Mvuvi yeyote anayeshona wavu wake chini ya mkungu atakujibu bila kutazama saa. "Shikamoo mzee, maji yakoje leo?" "Marahaba. Leo bamvua, mwanangu. Saa kumi yamejaa." Mazungumzo yamekwisha, na umepata unachohitaji.

Maana yake kwa mtembeaji ni hii. Siku ya bamvua ni ya kutembea asubuhi juu ya mchanga uliokauka na kuoga alasiri maji yanapokaribia kujaa. Siku ya maji mafu ni ya kuoga asubuhi mapema, na matembezi yawe mafupi au yawe ya visiwani, ambako kuoga hakutegemei sana saa.

Kuna na mwendo wa maji yenyewe. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, lakini maji hayapandi kwa kasi moja. Saa ya kwanza yanajivuta. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokuja hasa: karibu nusu ya maji yote huingia ndani ya saa hizo mbili. Siku ya bamvua kubwa hicho ni kina cha zaidi ya mita moja na nusu, maji ya kumfika mtu mzima mabegani. Aliyezunguka rasi ya mawe akiwa amekanyaga pakavu, akakaa upande wa pili kupiga picha na kupiga soga, anaweza kurudi akakuta njia haipo. Nawaomba sana wazazi walichukulie hili kwa uzito, kwa sababu watoto ndio wanaokimbilia mbele ya wenzao kwenye mawe.

Kigamboni: kwa mwenye miguu na siku nzima

Kwa kutembea, hakuna upande wa jiji unaoshindana na Kigamboni. Ukishavuka mlango wa bandari, pwani inashuka kusini ikitazama bahari kuu, na kuanzia Mjimwema kuelekea Gezaulole kuna mchanga mrefu ambao maji yakipwa unakuwa mpana na mgumu wa kukanyaga. Nyuma yake kuna minazi, mivinje, mikorosho, na mikadi inayosimama juu ya mizizi yake kama kibanda juu ya nguzo. Katikati ya hayo kuna vijia vya watu wa vijiji, vyembamba, vya mchanga mweupe, vinavyokwenda visimani, mashambani na pwani.

Njia haijanyooka, na lazima niseme kwa nini. Kuta za viwanja zimesogea sana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, lakini ukipita Kigamboni utaona mwenyewe uzio ulipofika. Kwa hiyo kutembea huku ni kupanda na kushuka: unafuata kijia nyuma ya minazi, unakutana na ukuta, unateremka mchangani, unapita, unapanda tena. Maji yakiwa yamejaa, sehemu hizo za kuteremka hazipitiki vizuri. Ndiyo sababu Kigamboni ni ya bamvua, asubuhi.

Mpango ninaoupenda ni huu. Toka mapema, ufike Mjimwema saa mbili au saa mbili na nusu, maji yakiwa bado yanaondoka. Tembea kusini ukiwa na jua upande wa kushoto, bila haraka. Karibu saa nne, maji yakiwa mbali kabisa, utawaona akina mama wamefunga kanga viunoni, fimbo mkononi, wanainama kwenye mwamba kutafuta pweza. Simama uwatazame kidogo. Wanachomeka fimbo taratibu kwenye tundu, wanasubiri, wanachomeka tena pembeni, na tundu ambalo kwako ni jiwe tu kwao ni nyumba yenye mwenyewe. Hao ndio saa yako. Wakiwa bado wameinama huko mbali, una nafasi. Wakianza kunyooka na kurudi nchi kavu, nawe acha mwamba, rudi mchangani.

Fika Gezaulole, pumzika. Hapa si mahali pa kupita tu. Jirani yake palikuwa na mji wa kale wa Mbwamaji, uliokuwa na watu kabla Dar es Salaam haijawa mji, na Gezaulole yenyewe ilijulikana nchi nzima enzi za vijiji vya ujamaa. Ukimpata mzee wa kijiji akakutembeza kwenye makaburi ya zamani na mibuyu, utaondoka na zaidi ya picha za bahari. Waamkie watu, mjifunge kanga au mvae fulana kabla ya kupita kijijini, na kama mnataka kupiga picha ombeni kwanza. Ni nyumbani kwa watu.

Kuoga ni kuanzia saa nane hivi, maji yanaporudi. Chini ni mchanga na kina kinaongezeka polepole, hivyo hata anayejifunza anapata pa kusimama. Pwani inatazama mashariki, kwa hiyo alasiri jua limeshahamia nyuma yenu na kivuli cha minazi kimelala juu ya mchanga. Mwenye watoto wadogo ataelewa thamani ya jambo hilo.

Ubaya wa Kigamboni ni mawimbi. Upepo wa kusi unapovuma, tuseme Mei hadi Septemba, bahari ya upande huu inapiga moja kwa moja, na penye mawimbi pana mkondo unaorudisha maji baharini kwa nguvu. Utaujua kwa macho: ni njia ya maji iliyotulia katikati ya mawimbi yanayovunjika pande zote mbili, na mara nyingi rangi yake ni ya mchanga uliochafuka. Wengi huingilia hapohapo kwa kuwa panaonekana patulivu. Ukivutwa, usishindane nao kurudi moja kwa moja pwani. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye njia yake, ndipo urudi. Usitegemee kuwa kuna mwokoaji. Sehemu kubwa ya pwani hii haina.

Kufika ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Wa Kimara, Ubungo na Magomeni wapande Mwendokasi hadi Kivukoni, watembee hatua chache hadi Feri, wavuke kwa pantoni ambayo nauli yake ya mtembea kwa miguu kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200, kisha daladala au bajaji ya Mjimwema. Wa Temeke, Kurasini na Mbagala wana Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, na hawana haja ya foleni ya Feri kabisa.

Kunduchi: matembezi mafupi yenye mengi ya kuona

Upande wa kaskazini hali ni nyingine. Kunduchi huendi kutembea kilomita nyingi mchangani. Tangu miaka ya 1970 bahari imeula ufukwe huu vibaya. Uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayolisha pwani umetajwa sana kuwa chanzo kimojawapo, maana mchanga uliotakiwa kushuka na mto ukatandaza ufukwe ulipandishwa kwenye malori ukawa matofali. Hoteli ya Africana iliharibiwa na mmomonyoko huo, na leo jina lake limebaki kwenye kituo cha daladala. Hoteli nyingine zimejenga vizuizi vya mawe vinavyoingia baharini ili kushika mchanga wake, hivyo ufukwe umekatika vipande vipande, na maji yakijaa huwezi kupita kutoka kipande kimoja hadi kingine bila kupanda mawe.

Lakini kwa mtu wa matembezi ya saa mbili au tatu, Kunduchi ina kitu kilicho karibu kukifikia: magofu. Yamezungukwa na vichaka na mibuyu, yana mabaki ya msikiti wa zamani wa karne ya 15 au 16, na makaburi ya nguzo ya karne ya 18 ambayo yalipambwa kwa sahani za kaure kutoka China. Karibu nayo ni hori lenye mikoko, na ng'ambo ya pili ya matembezi ni kijiji cha wavuvi na soko lake. Ukipita asubuhi wakati ngalawa zinaingia, utaona samaki wanavyonadiwa mchangani kabla hata hawajafika mizani ya mjini. Njia inayoshika magofu, mikoko na soko ndiyo ninayompa mgeni wangu wa kwanza Dar, hasa asiyezoea jua kali.

Sharti langu ni moja: magofuni msiende wawili peke yenu. Pamejificha, na watu wameporwa. Mtafute mwenyeji wa Kunduchi anayefahamika mtaani awatembeze, mkubaliane ujira kabla ya kuondoka, na simu za thamani na vito vibaki nyumbani.

Kuhusu kuoga, Kunduchi ina faida ya visiwa vya mbele yake, Mbudya na Pangavini, vinavyopunguza nguvu ya mawimbi. Bahari ni tulivu kuliko Kigamboni wakati wa kusi. Hasara ni mvua. Mito ya Tegeta na Mbezi inamwaga kwenye pwani hii, na masika au baada ya mvua kubwa ya vuli maji yanakuwa ya tope, yakibeba na taka za mitaani. Ipe bahari siku kadhaa isafishike, na hata baada ya hapo kaa mbali na midomo ya mito. Ushauri huohuo unamhusu anayeogelea Kawe, ambako Mlalakuwa unaingia.

Anayetaka upande huu huu lakini patulivu zaidi aendelee kaskazini, Bahari Beach hadi Ununio. Maji yakipwa unapita chini ya kingo za mawe ya matumbawe, zimeliwa na mawimbi mpaka zimeinama juu ya njia. Vaa raba au makubazi yaliyofungwa vizuri. Ndala zitakatika, na mawe hayo yanachana mguu kama kiwembe.

Daladala za barabara ya Bagamoyo zitakushusha Mtongani kwa ajili ya Kunduchi, na kutoka hapo bajaji zipo muda wote.

Bongoyo na Mbudya

Visiwa hivi viwili hulinganishwa sana na kwa haki, maana vyote ni sehemu ya hifadhi za bahari za Dar es Salaam zilizotengwa mwaka 1975 pamoja na Pangavini na Fungu Yasini. Vyote vina mchanga mweupe, mabanda ya makuti, samaki wa kuchoma, na faida kubwa kwamba unaweza kuoga karibu saa yoyote, maji yakiwa yamejaa au yamepwa. Vyote vina ada ya kuingia hifadhini, ambayo Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, juu ya nauli ya boti. Katika vyote viwili hakuna maji ya kunywa zaidi ya yanayoletwa na boti, hivyo beba yako.

Tofauti ipo kwenye miguu. Bongoyo ina njia za kutembea. Ukiondoka kwenye mchanga wa upande wa kaskazini magharibi, ambako boti hushusha watu, unaingia kwenye kichaka kizito kilichoota juu ya mwamba wa matumbawe, na kelele za muziki zinakatika ghafla. Ardhi ni ya mawe yenye matundu, miti ni mifupi na imesukana, na mijusi inakimbia mbele ya miguu. Huko ndani hakuna upepo, joto linabana, kwa hiyo ingia asubuhi na chupa ya maji mkononi. Ukitokea upande wa bahari kuu unakutana na mawimbi yanayopiga mwamba. Tazama, usioge hapo. Rudi ulikotoka.

Mbudya wengi hawaendi kutembea, na sioni sababu ya kuwalaumu. Ufukwe wake mkuu uko upande wa magharibi, umejificha dhidi ya mawimbi ya bahari kuu, na maji yake ni ya kumfundishia mtoto kuogelea. Boti zinatoka pwani ya Kunduchi na kufika kwa muda mfupi, ilhali za Bongoyo huondoka Msasani, Slipway, kwa safari ya kama nusu saa. Kwa kuwa ufukwe unatazama magharibi, alasiri jua linakupiga usoni, kinyume kabisa na Kigamboni. Chagua banda mapema.

Nikiambiwa nichague kimoja kwa ajili ya makala hii ya watembeaji, ni Bongoyo bila kusita. Nikiwa na wazee na watoto wa chini ya miaka saba, ni Mbudya, na nitaipangia siku moja na Kunduchi: soko la samaki asubuhi, kisha boti.

Kwenye boti naomba mambo mawili. Vaa jaketi la kuokolea tangu unapoingia, hata kama nahodha ni rafiki yako na bahari imelala. Na kama jaketi hazitoshi watu waliomo, shuka. Boti nyingine itakuja.

Visiwa vya Sinda vilivyo mbele ya Mjimwema, vilivyoongezwa kwenye hifadhi mwaka 2007, vinafikika kwa boti za Kigamboni. Vina watu wachache, na kwa wanaopenda kupiga mbizi na miwani vinapendeza Oktoba na Novemba, upepo wa kusi ukishatulia na wa kaskazi haujaanza.

Kimbiji na Ras Kutani: mbali, na hakuna haraka

Zaidi ya Gezaulole pwani inaendelea kusini hadi Kimbiji, Ras Kutani na Pemba Mnazi. Huku ndiko kwenye vichaka hasa. Viwanja vilivyozungushiwa uzio vinapungua, mashamba ya mikorosho na minazi yanachukua nafasi, na unaweza kutembea muda mrefu bila kukutana na mtu zaidi ya mvuvi anayesukuma mtumbwi. Ras Kutani, kama kilomita 30 kusini mwa jiji, ina ziwa dogo la maji baridi lililotengwa na bahari kwa ukanda wa mchanga tu, na msitu unaoshuka mpaka majini.

Pwani hii ya kusini pia ni mahali kasa wanapopandia kutaga mayai. Ukiona usiku au alfajiri michirizi mipana miwili inayopanda kutoka majini na kurudi, usifukue, usimulike tochi, usiwaite wenzako. Mtafute mtu wa kijiji. Wapo waliojitolea kulinda viota, nao wanajua la kufanya.

Kwa kuoga siisifii sana. Mawimbi ni makubwa kuliko ya Mjimwema, msaada uko mbali, na sehemu nzuri nyingi za Ras Kutani ziko mikononi mwa nyumba za wageni, hivyo unapiga simu kwanza kujua kama wanapokea watu wa kutwa. Ni mahali pa kundi la watu wazima wanaojua kuogelea, wenye gari, na ikiwezekana walale huko. Kwa kwenda na kurudi siku moja kwa daladala utamalizia nguvu zako barabarani.

Coco, kwa kifupi

Coco ni ya mihogo, mishikaki na upepo wa jioni, na kwa hayo haina mpinzani. Kwa kutembea bila kutoka mjini, unaweza kufuata bahari kutoka Coco hadi Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lenye urefu wa kilomita 1.03 na njia ya watembea kwa miguu juu ya maji. Kuoga pale Coco ni maji yakiwa yamejaa tu, maana chini kuna mwamba, na daima kuna watu wengi. Karibu na daraja la Salender na kuelekea Ocean Road usioge kabisa. Msimbazi unatokea hapo na uchafu wote wa katikati ya jiji.

Kwa hiyo Jumamosi hii?

Tazama mwezi. Ukiwa mchanga kabisa au mpevu, na miguu yenu iko sawa, nendeni Kigamboni mtembee Mjimwema hadi Gezaulole. Ukiwa nusu, maji yatakuwa yamejaa asubuhi, hivyo pandeni boti ya Bongoyo mapema, ogeni kwanza, halafu mwingie vichakani kabla ya saa sita. Kama kusi kinavuma kwa nguvu, Kigamboni iwe ya kutembea tu na kuoga muhamie Kunduchi au Mbudya. Masika, kati ya Machi na Mei, mimi huacha kuoga pwani ya bara karibu na mito, na vijia vya Kigamboni vinajaa maji na mbu. Ukilazimika, subiri siku mbili tatu za jua.

Mzigo uwe mdogo: maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani, kofia, kanga mbili, viatu vinavyoshika mguu hata ndani ya maji kwa ajili ya vile vidude vyeusi vyenye miiba mirefu vinavyojificha kwenye mwamba, na mfuko wa kurudishia taka zenu. Kwenye maji ya kina kifupi yenye mchanga, tembea ukiburuta nyayo badala ya kuzinyanyua. Samaki aitwaye taa, aliyejifukia mchangani, atasikia na kuondoka, ila ukimkanyaga atakuchoma kwa mwiba wa mkia.

Limebaki la kurudi, na hapa Kigamboni ina mtego wake. Siku ya bamvua maji mazuri ni saa kumi alasiri, na Jumapili saa hiyohiyo nusu ya Dar inaanza kuelekea Feri kuvuka. Wenye haraka hukatisha kuoga saa tisa ili wawahi pantoni, wakaacha sehemu bora ya siku. Mimi huepuka kwa kwenda Jumamosi. Ikibidi iwe Jumapili, tokeni kupitia Kibada na Daraja la Nyerere hata kama mnakaa mjini, au kaeni mpaka jua lizame, saa kumi na mbili na nusu hivi, mle mahali penye watu na taa karibu na barabara, kisha mvuke foleni ikiwa imepungua. Msibaki ufukweni gizani, na msirudi kwa miguu kupitia vijia mlivyopita asubuhi.